Usukani Uliohama: Jibu kwa Aliyetazama Detour Akitaka Kutengeneza Filamu kwa Fedha Kidogo

"Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana wanne wa Morogoro, na tumechanga shilingi milioni nne ili tutengeneze filamu ya uhalifu. Hadithi yetu ni ya utingo ambaye dereva wake anafariki usiku ndani ya lori, katikati ya Morogoro na Tunduma, naye anaogopa kwamba hakuna atakayemwamini. Mtu mmoja alitushauri tutazame filamu ya Kimarekani ya mwaka 1945 iitwayo Detour, akisema ilipigwa kwa siku sita na kwa fedha za kuokota, na bado inasifiwa. Tumeitazama. Wenzangu walicheka: picha zimefifia, mtaa umejaa ukungu, barabara inaonekana ni ya pazia, mhusika anajisemea karibu filamu nzima, na kuna mahali usukani uko kulia kama kwetu, ilhali Marekani usukani uko kushoto. Je, hayo ni makosa au ni ustadi? Na sisi tuige kipi? Tunaogopa kumaliza fedha zetu kisha watu watucheke vilevile."

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa fundo moja. La kwanza ni kama mambo yaliyowachekesha wenzako ni makosa kweli. La pili hukulitamka waziwazi, lakini limejitokeza katika sentensi yako ya mwisho: kama ufukara wa bajeti unaweza kusitirika, au utamwumbua mtengenezaji hata ajitahidi vipi. Nianze na gari, kwa kuwa jicho la Mtanzania, lililozoea usukani wa kulia, lingeweza kulipita jambo hilo bila kushtuka, na ninyi mmelinasa.

Mahali mlipopaona ni pale Al Roberts, mpiga piano wa klabu ya usiku mjini New York, anapoanza kuomba lifti ili avuke nchi nzima hadi Los Angeles, alikotangulia mpenzi wake, Sue. Ananyoosha kidole gumba kando ya barabara, gari linasimama, naye anapanda huku dereva akiwa ameketi upande wa kulia. Si kwamba walipata gari la Kiingereza. Picha ziligeuzwa wakati wa kuchapisha utepe, kulia kukawa kushoto, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Sababu inayokubalika na wengi waliochunguza filamu hiyo ni mwelekeo wa safari.

Mtu aliyeketi mbele ya skrini hana dira. Mashariki na magharibi anaviunda mwenyewe kutokana na anachokiona, tena anaviunda haraka bila kujua kwamba anafanya hivyo. Gari likipita kutoka kulia kwenda kushoto, kisha katika picha inayofuata likapita kutoka kushoto kwenda kulia, akili yake haimwambii kwamba kamera ndiyo iliyohamishwa ng'ambo ya barabara. Inamwambia kwamba gari limegeuza na linarudi lilikotoka. Kwenye ramani ya Marekani, ambayo filamu yenyewe inaionyesha, New York iko kulia na Los Angeles iko kushoto, kwa hiyo anayekwenda magharibi tunatarajia aende kushoto. Picha zilizopigwa kwa mwelekeo mwingine zingemrudisha Roberts nyumbani. Kwenda tena barabarani kupiga upya kungehitaji siku, mafuta, waigizaji na utepe, ilhali kuzigeuza kulihitaji kazi ya maabara tu. Waliona afadhali usukani uhame kuliko safari ipotee. Mimi kama mhariri ningefanya hivyohivyo, ingawa usiku huo nisingelala vizuri.

Kwenu jambo hili lina faida ya moja kwa moja. Kutoka Morogoro kwenda Tunduma, kwenye ramani, ni kuelekea kushoto na chini. Amueni mapema kwamba lori linakwenda kushoto mwa skrini, na kamera ibaki upande mmoja wa barabara siku zote. Mkifanya hivyo mtakuwa mnauona ubavu wa kushoto wa lori, yaani upande wa mlango wa utingo, na dereva atakuwa ng'ambo yake akiwa nusu kivulini. Kwa hadithi yenu, sidhani kama kuna mpangilio mzuri kuliko huo, na hauna gharama yoyote.

Kugeuza picha siku hizi ni kubonyeza kitufe kimoja kwenye programu ya kuhariri, na ndiyo maana ninawatahadharisha. Niliwahi kugeuza picha ya mama mmoja aliyekaa barazani, kwa sababu nilitaka atazame upande wa pili. Nilikagua saa yake, nikakagua vifungo na komeo la mlango, nikaridhika. Siku ya kuonyesha, mwanamke mmoja wa safu ya mbele alianza kulisoma jina la kanga kinyumenyume kwa sauti, na tangu hapo ukumbi wote ukawa wake. Nchi yetu ina maandishi kila mahali: kwenye kanga, kwenye maturubai ya malori, kwenye vioo vya daladala, kwenye kuta za maduka. Wamarekani wale walikuwa na barabara tupu.

Sasa hilo la siku sita. Ni hadithi tamu, na mmoja wa walioieneza ni mwongozaji mwenyewe, Edgar G. Ulmer, alipohojiwa uzeeni. Nyaraka za utayarishaji zilizochunguzwa baadaye zinaonyesha upigaji picha wa takriban wiki mbili mwezi Juni 1945, na gharama iliyovuka dola 100,000. Hizo zilikuwa fedha kidogo kwa Hollywood, ambako filamu za kampuni kubwa zilikaribia au kupita dola milioni moja, lakini hazikuwa fedha za kuokota. Kampuni iliyoitengeneza, PRC (Producers Releasing Corporation), ilikuwa miongoni mwa zile ndogo zilizodharauliwa mjini humo; hata hivyo ilikuwa na studio, taa na mafundi wa kuajiriwa. Mpigapicha, Benjamin H. Kline, alikuwa mzoefu wa filamu za haraka. Ulmer naye hakuwa mtu wa kubahatisha. Alizaliwa mwaka 1904 Olomouc, katika iliyokuwa dola ya Austria na Hungaria, akakulia Vienna, akafanya kazi chini ya F. W. Murnau, mwongozaji mashuhuri wa Ujerumani, na mwaka 1934 aliiongozea kampuni ya Universal filamu iliyofanikiwa sokoni. Baadaye alipendana na mke wa mtu aliyekuwa jamaa wa mkuu wa kampuni hiyo, akamwoa, na milango ya kampuni kubwa ikafungwa. Kwa hiyo mnachokiona ni kazi ya fundi mkubwa aliyepewa karakana ndogo.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona vikundi vikiumizwa na hadithi za namna hiyo. Vijana husikia "siku sita", wakajipa siku tano, wakakesha bila kulala, kisha wakafika nyumbani na sauti isiyosikika. Ulmer alieleza kwamba hakuruhusiwa kutumia zaidi ya futi 15,000 za utepe kwa filamu moja. Utepe wa milimita 35 hupita kwa kasi ya futi 90 kwa dakika, hivyo alikuwa na chini ya saa tatu za picha mbichi ili apate filamu ya dakika 68. Hakuwa na nafasi ya kufika na kuanza kujadiliana tukio liweje. Ninyi mna kadi ya kumbukumbu inayofutika na kutumika tena, nayo isipoangaliwa itawafanya mruke mazoezi mkitumaini kwamba mara ya kumi na moja itatoka vizuri.

Niingie kwenye ukungu. Al na Sue wanatoka klabuni usiku na kutembea kuelekea nyumbani, na New York yote, mji wa mamilioni, imebaki nguzo za taa na vibao vichache vinavyotokeza ndani ya wingu jeupe. Wenzako wana haki: huo ni ukungu wa kusitiri, kwa maana mtaa haukuwepo. Lakini rudini nyuma kidogo, mtazame tunaingiaje katika usiku huo. Roberts ameketi katika mgahawa wa kando ya barabara, mchovu, hajanyoa, anamwonea haya kila anayemtazama. Dereva mmoja anatia sarafu kwenye sanduku la muziki, na wimbo unaochezwa ni ule ambao Roberts alikuwa akiupiga kwa piano huku Sue akiuimba. Roberts anafoka, kisha ananyamaza. Mwanga unaomzunguka unafifia pole pole hadi unabaki ukanda mwembamba machoni, na kamera inashuka kwenye kikombe cha kahawa kinachoonekana kikubwa kupita kiasi. Kutoka pale tunatumbukia katika kumbukumbu. Ukishavuka mlango wa namna hiyo, mtaa usio na majengo haukudai chochote, kwa sababu anayekumbuka matembezi na mpenzi wake hakumbuki maghorofa. Tazameni pia simu anayompigia Sue baadaye: tunamwona msichana ameshika mkono wa simu, lakini sauti tunayoisikia ni ya Roberts peke yake. Walipunguza kazi, bila shaka. Wakati huohuo walimnyima Sue mdomo ndani ya hadithi ya mwanamume anayedai kumpenda.

Hapo ndipo tunafika kwenye kujisemea, ambako kwa maoni yangu ndiko uzito wote wa filamu ulipo. Detour ilitokana na riwaya ya Martin M. Goldsmith ya mwaka 1939, na Goldsmith ndiye aliyeandika pia mswada wa filamu. Katika riwaya wasimulizi ni wawili, mwanamume na Sue, wakipokezana sura kwa sura. Filamu ilibaki na mmoja. Kuondoa upande wa Sue kulipunguza waigizaji, mahali pa kupigia na dakika. Lakini pia kulimwondoa shahidi wa pili.

Hebu mfikirieni Roberts kama mtu aliyefikishwa mbele ya hakimu. Anasema alipewa lifti na tajiri mmoja, Haskell, ambaye alikuwa akimeza vidonge njiani. Kwamba usiku, mvua ikinyesha, alifungua mlango ili afunge paa la gari, Haskell akaanguka akagonga kichwa, akafa. Anasema hakumuua. Lakini aliuficha mwili, akavaa nguo za marehemu, akachukua fedha zake, gari lake na jina lake. Kesho yake anampa lifti mwanamke, Vera, ambaye kumbe alishawahi kupanda gari lile na anamjua Haskell halisi. Vera anamshika kooni kwa siri hiyo, na huko Los Angeles anataka Roberts ajifanye mwana wa familia ya Haskell ili warithi mali. Usiku mmoja wakiwa wamelewa na kugombana, Vera anakimbilia chumbani na simu akitishia kuita polisi, anajifungia, na waya unamzonga shingoni. Roberts, aliye upande wa pili wa mlango, anauvuta waya ili aukate, asijue anavuta nini. Watu wawili wamekufa, mara zote mbili ni ajali, na mara zote mbili shahidi pekee ni yule aliyenufaika na kifo. Tena anatusemesha sisi watazamaji kana kwamba tumeshamnyooshea kidole. Wapo wanaomwamini kabisa na kuona ni mtu aliyeonewa na majaaliwa. Mimi simwamini sana. Filamu haituamulii.

Kwa hiyo, sauti ile si kiraka cha kuziba matundu ya picha. Kiraka ni pale mhusika anaposema "kesho yake nikaenda mjini" wakati tunamwona akienda mjini. Ushahidi ni pale anaposema jambo, na picha ikaacha upenyo wa kumshuku. Utingo wenu anaogopa hataaminiwa. Basi mfanyeni mtazamaji awe ndiye asiyejua kama amwamini. Msionyeshe kifo cha dereva kwa jicho la mtu mwingine yeyote, na sauti ya utingo isikike anapoeleza kwa nini hakusimama kwenye kituo cha polisi kilichofuata. Mizani ingekuwa mahali pazuri pa kumbana, kwa kuwa pale kuna mtu mwenye mamlaka anayeuliza maswali ya kawaida, na kila swali la kawaida ni kitanzi kwa aliyekalia kiti kisicho chake.

Sasa niseme kasoro ambazo ni kasoro. Kukutana kwa Roberts na mwanamke yuleyule aliyewahi kupanda gari la marehemu ni bahati mbaya iliyozidi kipimo; unaikubali tu kwa sababu Ann Savage, aliyemwigiza Vera, hakupi nafasi ya kupumua. Yeye ndiye hazina ya filamu hiyo: anafoka, anakohoa, anakodoa macho, nywele zikiwa chafu kama za mtu aliyelala kandokando ya barabara. Tom Neal katika nafasi ya Roberts ana uso wa manung'uniko, nao kwa bahati umemfaa mhusika. Mwisho, ambapo gari la polisi linatokea na kumchukua, una alama za kulazimishwa, kwa kuwa kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali huko Hollywood tangu 1934 hazikuruhusu mkosaji aondoke salama. Hata hivyo maneno ya Roberts yanautoa kama jambo analolihofia siku zijazo, na hiyo ni njia ya kijanja ya kutii. Pazia la barabara nyuma ya gari, kwa upande mwingine, msiwacheke nalo. Kampuni kubwa nazo zilitumia mbinu hiyohiyo: gari limesimama studioni, na picha ya barabara inarushwa nyuma yake.

Kuhusu kufifia, huenda mlitazama nakala mbovu. Hakimiliki ya filamu hiyo Marekani haikuhuishwa, ikawa mali ya umma, na kwa miaka mingi kila mtu alinakili nakala ya nakala. Mwaka 2018 ilitoka nakala iliyokarabatiwa chini ya hifadhi ya filamu ya Academy, taasisi inayotoa tuzo za Oscar huko Hollywood, na weusi wake ni weusi wa kweli. Itafuteni hiyo kabla hamjaamua lolote kuhusu mwanga.

Mna njia tatu, nami nitazipima kama ninavyoziona. Ya kwanza ni kupiga safari nzima barabarani kama ilivyo kwenye mswada. Itamaliza fedha zenu kwenye mafuta, posho na kukodi lori, na kipande cha Mikumi, ambacho ni hifadhi ya taifa, kitadai vibali vyake, sishauri. Ya pili ni kusubiri hadi mpate fedha zaidi. Si aibu, ila nimeona makundi mengi yakisubiri mpaka mmoja anaoa, mwingine anahamia Dodoma, na kamera inauzwa. Ya tatu ni kuikata hadithi ilingane na mfuko: siku mbili za barabarani kwa picha za nje za mchana, na usiku wote upigwe ndani ya lori lililoegeshwa. Ninaielekea hii, ingawa ina gharama yake: mtapoteza upana wa nchi, yale mabonde na mawingu ya nyanda za juu, na mtu aliyewaahidi sifa kwa picha za mandhari atasikitika.

Lori lililoegeshwa hudanganya vizuri mkilijua. Liwekeni yadi yenye giza. Mmoja aliegemeze ubao chini ya bampa na kulitikisa kidogo, asizidishe. Mwingine apitishe tochi yenye mwanga mkali kutoka mbele kwenda nyuma, upande wa kulia wa kabini, kwa sababu kwetu gari linalokuja hupita upande wa dereva. Tochi ikipita upande wa utingo, kila dereva atakayetazama atajua mmeongopa. Kati ya gari na gari acheni giza refu. Sauti ya utingo irekodiwe peke yake, chumba kidogo, godoro limeegemezwa ukutani, saa nane za usiku bodaboda zimelala.

Yako mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyatimiza, na kwa hayo nendeni mkaonane na watu ana kwa ana. Vibali vya kupiga na kuonyesha filamu viulizieni Bodi ya Filamu kabla ya siku ya kwanza, na wimbo wowote mtakaotaka usikike kwenye redio ya lori ulizieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au mwenye wimbo mwenyewe. Mkihitaji sare au silaha ya bandia barabarani, polisi wa eneo hilo wajue mapema na kwa maandishi, kwa sababu mpita njia hajui kwamba ni mchezo. Fundi umeme awepo mkitumia jenereta na taa kubwa. Moshi wa kuiga ukungu msiutengeneze kwa kuchoma mkaa au matairi ndani ya chumba au kabini, maana moshi huo huua kimyakimya. Na asitokee mtu akawaambia mwigizaji azungushiwe waya shingoni ili ionekane kweli. Ulmer mwenyewe, Vera alipokufa, aliiacha kamera upande wa Roberts wa mlango. Kisha akaipitisha chumbani, kitu hadi kitu, kila kimoja kikififia na kukolea, kama macho ya mtu ambaye bado hajakubali alichokiona.

Anzeni na dakika moja tu. Azimeni lori usiku mmoja, mpige utingo akiwa kimya pembeni ya dereva asiyetikisika, mtafute sauti yake ya kujieleza, muunganishe, kisha mtazame kwenye simu mkiwa na mtu asiyeijua hadithi. Muulizeni kitu kimoja: je, huyu kijana anasema kweli? Akijibu haraka, iwe ndiyo au hapana, rudini kwenye mswada. Akisita, niandikieni, nami nitausoma mswada wote bila malipo.